Bi Harusi wa Mgongo

Ofisini kwetu hakuna mti uliowahi kukatwa. Miti huvunwa. Msitu nao haumalizwi, hupumzishwa. Na miaka minane iliyopita, mashine zilipopanda Mgongo zikashusha kila mti uliozidi unene wa paja, kazi ile iliandikwa kuwa ni ukataji wa kuchagua. Sikuona kosa katika jina hilo. Walichagua yote.

Mgongo ni ule mlima mrefu unaoanzia nyuma ya mji wetu. Chini yake, upande wa mashariki, ndipo ilipo nyumba ya mama yangu. Mvua za mwaka wa pili baada ya uchaguzi huo, udongo ulishuka ukachukua jiko, banda la kuku na nusu ya ua, ukasimama hatua tatu kutoka dirisha la chumba alimolala mama. Ofisi ikatuma mtu, mtu akapiga picha mbili, na ripoti ikasema ni maporomoko ya asili. Mhandisi mmoja, mtu asiye na adabu ya kiofisi, alituambia ukweli: miti midogo iliyobaki ndiyo inayoushikilia ule mteremko. Ikiachwa, udongo utatulia na mama anaweza kurudi kwake. Ikiondolewa, tusihangaike kufunga mlango.

Tangu hapo mama anaishi sebuleni kwangu. Kwa kaka haendi kwa sababu ya ngazi, na kwa dada haendi kwa sababu ya mume wa dada, ambaye tutamfikia. Dirisha la sebule yangu linatazama ukuta wa jirani. Mama ameutazama ukuta huo miaka sita na hajaupenda hata siku moja.

Mimi ni mwandishi wa mimea. Naweka chini fremu ya mbao, mita moja kwa mita moja, napiga magoti, nahesabu kila kinachoota ndani yake, naandika. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na moja na sijawahi kumkuta mtu akisoma nilichoandika. Wenzangu wananiita Mama Majani, kwa heshima, wanavyodai wao. Mkuu wetu wa idara tunamwita Muhtasari, ila si mbele yake. Yeye husoma ukurasa wa kwanza wa ripoti, tena nusu ya juu, kisha anachoka. Ofisini kwake kuna zulia, feni inayolia, na ramani kubwa ya Mgongo ambayo bado ni ya kijani kutoka chini hadi kileleni. Rangi ya kahawia, aliniambia, inawakatisha tamaa wageni.

Siku aliyotuita tulikuwa watatu mbele ya meza yake: mimi na waandishi wawili wa ndege.

"Wavunaji wanataka kurudi Mgongo," akasema. "Kuchukua kilichobaki na kilichoota. Sheria inataka tuchunguze kwanza ndege na mimea. Mkimpata yule ndege wenu, Mgongo hauguswi. Msipompata, wanapanda. Mna siku kumi."

Ndege wetu ni bi harusi. Vitabuni ana jina refu lenye herufi za mlazo, lakini sisi tunamwita hivyo kwa sababu kila mtu amekuja kwa ajili yake na yeye yuko ndani, hatoki. Ni mdogo, ana rangi ya udongo, na hukaa chini kabisa kwenye giza la vichaka vya msitu mkongwe. Kumsikia ndiko kunakohesabiwa: milio minne laini, kisha wa tano wa kumalizia. Fomu yetu ina safu mbili, Ameonekana na Amesikika, na kwa bi harusi safu ya kwanza imekuwa tupu tangu fomu ilipochapishwa. Masharti ni kwamba asikike na waandishi wawili, wakiwa pande tofauti, bila kushauriana.

Jioni hiyo nilimweleza mama. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Kwa hiyo huyo ndege ndiye atakayeamua kama narudi kwangu?"

"Ndiye, mama."

"Ana ukubwa gani?"

Nikamwonyesha ngumi yangu.

"Haya," akasema. "Bora yeye kuliko bosi wako."

Sasa hao waandishi wa ndege. Wa kwanza ni kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka kumi, aitwaye Darubini, kwa sababu ana darubini shingoni hata akienda chooni. Wa pili ni shemeji, mume wa dada yetu, aitwaye Mluzi. Huyu huiga ndege yeyote kwa mdomo mtupu, na huanza mazoezi alfajiri, kitandani, jambo ambalo dada amelizoea na mama hakukubali kulizoea. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kaka ndiye aliyemleta nyumbani kwetu. Kisha wakaja kugombana juu ya mlio wa tano. Kaka anasema mlio wa mwisho wa bi harusi hupanda. Shemeji anasema hushuka. Jambo lilianza kama utani mezani kwangu, chai ikapoa, sauti zikapanda, mmoja akamwambia mwenzake ana masikio ya mapambo, na tangu siku hiyo, miaka tisa, hawajasemezana. Mwaka uliofuata msitu ulikatwa, na ushahidi ukakatwa nao.

Kwa kuwa fomu inakataza kushauriana, hawa ndio waandishi bora ambao nchi yoyote ingeweza kuwapata.

Tulipiga kambi chini ya Mgongo, mahema matatu na moto mmoja. Mimi nilikuwa mwandishi wa mimea na pia posta.

"Mwambie shemeji yako maji yamechemka," kaka angesema.

Aliyepaswa kuambiwa alikuwa amekaa hatua mbili, kikombe mkononi. "Mwambie kaka yako nimesikia," angejibu. "Mwambie pia kwamba masikio yangu ni mazima, kama alikuwa na shaka."

Mlima waligawana bila kuulizana. Kaka alichukua mteremko wa mashariki, shemeji wa magharibi, na kati yao kulikuwa na ukungu, mawe na miaka tisa. Mimi fremu zangu zilipangwa juu, kwenye uti wenyewe wa Mgongo. Kila asubuhi tulipanda gizagiza, na saa kumi na mbili kila mwandishi wa ndege alikaa kituoni kwake, akamwita bi harusi kwa mluzi mara mbili, akanyamaza dakika kumi, akasikiliza, akaandika.

Na mimi nikahesabu majani. Mahali palipokuwa na mikangazi ambayo watu watatu walishikana mikono kuizunguka, sasa palikuwa na upupu. Upupu ni mmea wenye bidii. Hauhitaji ruhusa, hauhitaji kikao, na mtu akiugusa anajikuna mpaka anasahau alichokuja kufanya. Ungefaa kuajiriwa ofisini kwetu. Kulikuwa na kangaga hadi kiunoni, miiba ya aina sita, na visiki vilivyoota uyoga wa rangi ya chungwa, vizuri ajabu, kama vile hakuna kilichotokea. Barabara za mashine zilikuwa zimegeuka makorongo. Ndege wa mashambani, chiriku na shore na njiwa, walikuwa wamehamia kama wapangaji waliosikia kuna nyumba iko wazi. Kunguru walitufuata kutoka kambini. Nadhani na wao walikuwa wanatuhesabu.

Kwenye fremu ya kumi na saba, ubavuni mwa kisiki, nilikuta miche minne ya mkangazi yenye urefu wa kidole. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko kazi inavyoruhusu. Fomu haina safu ya miche iliyo chini ya goti, kwa hiyo kisheria sikuona kitu.

Siku ya tatu shemeji alishuka akiwa hasemi na mtu, hata mimi, lakini alikuwa anatabasamu akiwa peke yake. Kaka naye alikula chakula cha watu wawili. Jioni kila mmoja alinivizia kwa wakati wake. Shemeji alinikuta nachota maji.

"Shemeji," akaninong'oneza, "nimemsikia. Yupo. Ila usimwambie yule mwenye darubini."

Kaka alinifuata nyuma ya hema langu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mdogo wangu, yupo! Nimemwita na amenijibu. Miaka minane nilidhani tumemuua." Akajifuta uso kwa kofia. "Usimwambie Mluzi. Atasema kaanza yeye."

Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Akilini nilimwona mama akifagia ua wake. Usiku huo nililala fofofo juu ya jiwe lililokuwa chini ya godoro langu na sikuligundua mpaka asubuhi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kunakili vitabu vya wote wawili katika fomu kubwa, kwa kuwa wao hawaruhusiwi kusomeana. Jioni ya siku ya sita nilivifungua kwa pamoja. Cha kaka kilisema: "Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne. Amejibu kutoka ng'ambo, magharibi. Mlio wa tano umeshuka. Ni mzee huyu, au anaumwa." Cha shemeji kilisema: "Saa kumi na mbili na dakika kumi na tano. Amejibu kutoka ng'ambo, mashariki. Mlio wa tano amepandisha. Kinda, bado anajifunza."

Nikarudi nyuma kurasa mbili. Vilevile. Kufikia siku hiyo kaka alikuwa na bi harusi wanne, wote wagonjwa, na shemeji alikuwa na bi harusi wanne, wote watoto wasio na malezi. Mlima mzima haukuwa na ndege hata mmoja mwenye afya na akili timamu.

Nilifunga vitabu. Nilijiambia kuna maelezo mengine. Mtu akitaka sana kitu, maelezo hayamkaukii.

Asubuhi ya siku ya tisa sikuhesabu majani. Nilikaa juu kabisa kwenye uti wa Mgongo, mahali pembamba ambapo ukigeuza kichwa unaona pande zote mbili, nikasubiri. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, kutoka kushoto kwangu ukapanda mluzi: milio minne laini, na wa tano ukainuka. Mluzi huo ulikuwa mzuri kweli. Kisha kutoka kulia ukaja mwingine: minne laini, na wa tano ukateremka taratibu. Ukungu ukapasuka. Kushoto, chini, nilimwona kaka yangu amekaa juu ya kisiki, midomo imechongoka, mkono nyuma ya sikio. Nilitembea hatua ishirini kwenda kulia. Huko chini shemeji alikuwa anaandika haraka haraka, kitabu juu ya goti, huku akicheka peke yake.

Utauliza, hawakutambuana? Watu waliokula pamoja miaka mingi? Nami nilijiuliza. Lakini kila mmoja wao aliamini kwa moyo wake wote kwamba mluzi wa mwenzake hauwezi kumdanganya hata kuku. Sauti ile ilikuwa nzuri mno, kwa hiyo haikuwa ya shemeji yake. Mlio wa mwisho tu ndio ulikosewa, na ndege, tofauti na mashemeji, husamehewa.

Nilikaa chini pale kwenye uti nikalia. Baada ya hapo nikapata njaa, nikala mkate, na nikiwa natafuna nikaanza kufikiri kama mtumishi wa ofisi. Waandishi wawili. Pande tofauti. Hawakushauriana. Kila sharti lilikuwa limetimizwa kasoro ndege. Nikifumba mdomo, Mgongo hauguswi, mteremko unatulia, mama anarudi kwake. Nikiufumbua, nawavunja moyo wazee wawili na kuwafungulia wavunaji njia. Siku ya kumi tulishuka. Niliandika kwa mwandiko mzuri: bi harusi, amesikika, mara kumi na nne. Nikatia saini. Wala sikusita, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Wiki mbili baadaye Muhtasari aliniita. Alikuwa amesimama, jambo ambalo kwake ni mazoezi.

"Hongera, Mama Majani! Nimesoma ripoti."

"Yote, mkuu?"

"Sehemu muhimu. Ndege wa msitu mkongwe amesikika mara kumi na nne kwenye mlima uliovunwa. Unajua hii ina maana gani?"

"Kwamba Mgongo hauguswi."

Alinitazama kwa huruma. "Wewe umezoea kutazama chini. Ina maana uvunaji haumdhuru! Tumevuna, na ndege yupo, tena kwa wingi. Amestawi. Wavunaji wamefurahi sana. Watapanda mwezi ujao, na ripoti yenu itatumika kuombea na ule mlima wa pili."

Feni ililia juu yetu.

"Mkuu, ulisema akipatikana mlima unalindwa."

"Na ndege analindwa. Si amejilinda mwenyewe miaka minane?"

"Na kama asingesikika?"

"Basi pasingekuwa na cha kulinda. Wangepanda."

"Sasa sisi tulipanda kufanya nini?"

"Mama Majani," akasema, na hapa alikuwa mkweli kuliko nilivyowahi kumsikia, "lazima ripoti iwepo. Bila ripoti hawawezi kuwasha hata mashine moja."

Nilitoka nikaenda stoo tunakoweka mimea iliyokaushwa, nikajifungia humo. Nilikuwa na hasira, lakini sehemu kubwa ya hasira hiyo haikuwa na mtu mwingine wa kwenda kwake. Nilikuwa nimedanganya kwa ajili ya mama, na uongo wangu ulikuwa unapandisha mashine juu ya kichwa chake. Humo stoo ndimo lilimokuwa pia faili la kanuni, limefunikwa na vumbi, maana halina muhtasari. Ukurasa wa arobaini ulisema: ripoti ikikanushwa na waandishi wake wenyewe, inafutwa, na uchunguzi unarudiwa msimu uleule wa mwaka unaofuata. Hakuna anayepanda hadi hapo. Aya iliyofuata ilisema waandishi waliokanusha kwa kosa la utaalamu wanafutwa kwenye orodha na hawatumwi tena mlimani.

Jumamosi alasiri niliwaita wote wawili nyumbani kwangu. Walikaa kwenye ncha mbili za kochi moja. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ukuta wa jirani nyuma yake.

Nilianza na kosa langu mimi, nikawaambia nilijua jambo tangu siku ya tisa nikanyamaza. Kisha nikafungua vitabu vyote viwili nikasoma, mstari wa huyu, mstari wa yule. Kumi na mbili na dakika kumi na nne, magharibi, ameshuka, mzee. Kumi na mbili na dakika kumi na tano, mashariki, amepandisha, kinda. Nilisoma za siku tatu. Sikufika ya nne.

"Acha," kaka akasema.

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Sijaelewa. Pigeni huo mluzi."

Hakuna aliyetaka. Mama akarudia, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia tulipokataa kuoga. Kaka akapiga, uso umeelekea mlango. Minne, na wa tano ukapanda. Shemeji akafumba macho. Kisha naye akapiga, akauteremsha wa mwisho polepole, na kaka yangu akainamisha kichwa mpaka darubini ikagonga magoti yake.

"Ulikuwa wewe," akasema. Miaka tisa, na hayo ndiyo maneno ya kwanza.

"Nilikuwa mimi," shemeji akajibu. "Na wewe ndiye yule kinda."

Nilitegemea wacheke. Mama alicheka kidogo, akaacha. Wazee wale wawili walikuwa wanaangalia sakafu, na nilielewa kwamba hawakuwa wanaona haya, au hayo yalikuwa bado. Walikuwa wamefiwa. Walikuwa na ndege tangu siku ya tatu, kila mmoja wake, na sasa nilikuwa nimewanyang'anya wote wawili kwa mkupuo.

"Kwa hiyo hayupo," shemeji akasema.

"Hayupo, shemeji."

"Tumewaita asubuhi tisa, pande mbili, hajajibu hata mmoja." Alikuwa anajiambia mwenyewe. "Basi hayupo kweli."

Nikawaeleza alichosema Muhtasari, na nikawaeleza ukurasa wa arobaini. Sikuficha aya ya pili. Watu hawa hawana kingine. Kaka ana miaka hamsini na nane, na mtu akimuuliza hali yake humjibu kwa kumtajia ndege aliowaona wiki hiyo. Kutomtuma tena mlimani ni sawa na kumwambia akae mpaka afe. Nikasema wasiamue leo.

"Lete karatasi," shemeji akasema.

Waliandika mezani kwangu, kichwa kwa kichwa. Shemeji alianza: "Mimi, mwandishi wa ndege kwa miaka thelathini, nakiri kwamba katika uchunguzi wa Mgongo nilimhesabu shemeji yangu kama ndege, mara saba."

Kaka alisoma juu ya bega lake. "Ongeza kwamba ulidhani ni kinda."

"Haina haja."

"Ina haja. Bila hivyo hawatajua umekosea kiasi gani."

"Basi na wewe uandike kwamba mimi nilikuwa mgonjwa."

"Naandika. Mzee au mgonjwa. Ndivyo kilivyosema kitabu changu."

Wakaongeza. Halafu wakaanza kubishana, kwa sauti ya juu, kama barua ionyeshe mlio wa tano unavyopaswa kuwa, mpaka mama akawaambia yeyote atakayepiga mluzi tena ndani ya nyumba ile atatoka nje. Mimi niliandika ya kwangu kwenye kaunta ya jiko. Ilikuwa fupi. Nilijua, nikatia saini.

Barua zote tatu niliziweka katika nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, nikanakili kwa ofisi mbili zilizo juu ya Muhtasari ili zisipotelee kwenye zulia lake. Alizisoma. Nasikia alizisoma mara mbili, akauliza kama ni utani, kisha akauliza kama upo muhtasari. Wiki iliyofuata ripoti ilifutwa na wavunaji wakaambiwa wasubiri msimu ujao. Kaka na shemeji walifutwa kwenye orodha. Ofisini hadithi yao inasimuliwa kila penye chai, na wanaoisimulia huvunjika mbavu, hasa wale ambao hawajawahi kuamka kabla ya saa mbili. Mimi nilihamishiwa stoo ya vifaa, kupanga fremu na kamba.

Barua ya kufuta ripoti nilimsomea mama sebuleni. Alinitaka nirudie tarehe.

"Mwaka mmoja," akasema.

"Mmoja, mama."

"Na baada ya mwaka?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nilikuwa nimeshajua linakopeleka. "Watatumwa wengine. Hawatamsikia, kwa sababu hayupo. Halafu watapanda na mashine."

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Mama akaanza kukunja shuka la kitandani kwake, pembe kwa pembe. "Basi nipelekeni kwangu," akasema. "Nina mwaka mzima."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ule udongo uko hatua tatu kutoka dirishani. Kaka alimwambia, dada alikuja akamwambia akilia, na shemeji, ambaye ni mkwe na hana sauti, alisimama mlangoni akatingisha kichwa. Mama aliendelea kukunja. Ametazama ukuta miaka sita, alisema, na wa saba hautazami, na sisi tuliopigania mteremko ule usiguswe tulidhani tunampigania nani.

Jumapili asubuhi tulimpeleka. Kitanda kilibebwa na kaka mbele na shemeji nyuma, wakielekezana njia, wakilaumiana kila kona. Dada alifagia. Mimi nilisimama chumbani nikiangalia nje: kifusi kilikuwa kimeota majani mabichi mpaka juu, na nyuma yake mteremko wote, na vijiti vile vyembamba vikiushikilia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nikamwambia hivyo.

"Ogopa," mama akasema. "Lakini kaogopee kwako."

Akasukuma dirisha. Lilikuwa limekwama kwa unyevu wa miaka, akalipiga kwa kiganja mpaka likafunguka, akasimama hapo akivuta pumzi. Kisha akaniomba nishike upande wa pili wa kitanda, tukisogeze karibu na dirisha.